Pumzi ya Kijana ni Amana



Baada ya swala ya Alasiri, vijana wetu wa Mnyambe hukimbilia uwanjani. Kipindi cha pili baadhi yao huinama, mikono magotini, nasi huwaita wavivu. Tufanye insafu. Kiwambo kilicho chini ya mapafu, na misuli iliyo baina ya mbavu, nayo huchoka. Ikichoka mno, mwili huipa damu zaidi na kuipunguzia miguu. Ndipo mbio hukatika.

Misuli hiyo hufundishika. Wataalamu hutumia kifaa kidogo kinachozuia hewa kiasi, mchezaji aivute kwa nguvu: pumzi 30, mara 2 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 6. Baada ya mchezo, kupumua polepole kwa tumbo humtuliza.

Lakini tupambanue uchovu na maradhi. Msimu wa salfa mikoroshoni nilimkemea kijana mmoja. Kumbe kifua kilimlia tangu atoke kupuliza shambani. Nimemwomba radhi. Anayekorota kifua asiambiwe avumilie wala asipewe mazoezi: apelekwe zahanati kwanza.

Wabillahi tawfiq.