Wataalamu, chunguzeni virusi vya fugwe



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaulize wataalamu wetu wa kilimo jambo moja.

Sisi wa Singida tunaolima mtama tunaijua fugwe. Suke linatoka vizuri, lakini badala ya punje unakuta unga mweusi. Fugwe ni kuvu. Tunaambiwa tukate masuke hayo na kuyachoma, na mbegu tuzipake dawa. Kukata tunakata, fedha ya dawa ndiyo kazi.

Sasa, kuvu nazo huugua. Hushikwa na virusi! Mwaka 1904 huko New York, Marekani, ulionekana ugonjwa wa kuvu ambao baadaye uliua miti ya chestinati kwa mabilioni. Kuvu hiyo ilionekana Italia mwaka 1938, ikaanza kwa ukali uleule, lakini katika miaka ya 1950 baadhi ya miti ikaonekana inapona vidonda yenyewe. Baadaye ikajulikana kwamba kuvu ya vidonda vile ilikuwa na kirusi ndani yake. Haifi, ila inadhoofika, haizai sana, na mti unapata nafasi ya kujitibu. Ufaransa wakaanza kupaka kuvu hiyo dhaifu kwenye vidonda makusudi.

Marekani walipojaribu hawakufanikiwa kama Ulaya. Kirusi hicho huhama pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, na kuvu za kule zina koo nyingi zisizokubaliana. Kwa hiyo kirusi hakiagizwi kutoka nje kama trekta. Lazima kwanza kuvu zetu wenyewe zijulikane.

Wapo watakaosema hizo ni ndoto za mwalimu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara. Leo ipo Aflasafe TZ01, na hiyo ni kuvu isiyo na sumu, iliyopatikana humu humu nchini, inayomwagwa shambani iisonge ile yenye sumu. Fugwe ya mahindi nayo imeshakutwa na virusi, vingine vikiifanya itoe sumu ya kuua kuvu wenzake.

Je, kituo cha TARI Ilonga, kinachoshughulikia mtama na alizeti, kimepata kukusanya fugwe ya Iramba, Mkalama na Ikungi kuona kama ina virusi? Kama bado, waje wakati wa masuke. Watuambie tu mapema, tusije tukayachoma yote.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.