Mwalimu wa mlimani alale wapi?

CHINI YA ULUGURU
Na Salome Mkude

Watoto wakicheza shule, wa kwanza kuchaguliwa ni mwalimu, na kitu cha kwanza anachookota mwalimu huyo ni kijiti. Atawapanga wenzake mstarini, atakagua kucha, atamuuliza aliyechelewa alikuwa wapi, tena kwa sauti ileile ya mwalimu wa zamu wa shule yao. Hakuna aliyemfundisha. Kaona tu. Andalio la somo halina kipengele cha namna ya kumkaripia mtoto, wala cha namna ya kumwomba radhi ukimkosea, lakini hayo ndiyo yanayomwingia mwanafunzi upesi kuliko jedwali la saba.

Morogoro ina ushahidi wa kutosha wa hilo. Kilakala, pale mteremko wa Uluguru unapokutana na mji, masista wa Maryknoll kutoka Marekani waliendesha shule ya wasichana iliyoitwa Marian College, ambayo leo ni Sekondari ya Kilakala. Hapo ndipo aliposoma Gertrude Mongella, binti wa kisiwa cha Ukerewe. Walioongoza shule hiyo na kuamua mambo yake walikuwa wanawake, enzi ambazo msichana wa Tanganyika aliweza kukua hadi kuolewa bila kumwona mwanamke mwenye ofisi yake. Mongella alikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, akawa mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Chang'ombe kuanzia 1970 hadi 1975, kisha akawa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake wa mwaka 1995, uliompa jina la Mama Beijing. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Juhudi ni zake mwenyewe, na haitakuwa haki kuwapa masista sifa zote. Hata hivyo, alipoitwa kukalia viti hivyo, mwanamke anayeongoza hakuwa kitu kigeni kwake. Alishamwona kila asubuhi, miaka kadhaa, tangu akiwa na sare za shule.

Upande wa pili wa mji iko Mazimbu. Baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walivuka mipaka, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge wajenge shule. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Kazi ya walimu wa pale ilikuwa ngumu mno. Vijana hao walikuwa wamesusia madarasa kwao kwa sababu shule yenyewe ilikuwa mkono wa serikali ya ubaguzi. Kwao mwalimu alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Chaki peke yake isingewarudishia imani. Ila Mazimbu mwalimu na mwanafunzi waliishi eneo moja, wakashika majembe kwenye shamba moja, na walipofiwa walizika kwenye makaburi ambayo bado yapo. Shule ilifungwa mwaka 1992, majengo yakaenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na leo ndani ya eneo hilohilo wanaandaliwa walimu wa sayansi.

Kuna jambo ambalo wanaosifu mifano hii hulipita haraka. Masista walikuwa watawa. Walimu wa Mazimbu walikuwa wapigania uhuru na watu wa kujitolea. Hata Peter Tabichi wa Sekondari ya Keriko, kule Njoro, Kenya, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019 na kusifiwa kwa kutoa asilimia 80 ya mshahara wake, ni bruda wa Wafransisko. Wote hao walikuwa na jumuiya nyuma yao. Mwalimu wa kawaida ana mke au mume, ana watoto, ana kodi ya nyumba na makato ya bodi ya mikopo. Kumtaka aishi kama mtawa ni kumwonea. Kitu ambacho inawezekana kumpa, na ambacho masista walikuwa nacho, ni nyumba karibu na shule.

Walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970, walichekwa sana kwa elimu yao ya darasa la saba, kama walivyochekwa wale wa "voda fasta", walioandaliwa harakaharaka, miaka 30 baadaye. Lakini wengi wa wale wa UPE walifundwa kijijini na kufundisha kijijini. Mtoto alimwona mwalimu wake darasani saa mbili, na jioni akamwona akipalilia mahindi au akisoma gazeti barazani. Heshima waliyonayo wazee hao mpaka leo haikutoka kwenye cheti.

Sasa mtu apande Mgeta masika, kutokea njia panda ya Sangasanga. Mwalimu aliyekosa nyumba mlimani anapanga chini, anapanda kwa bodaboda, anaingia kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha, suruali ina tope hadi magotini. Mchana anatazama ukungu kuliko anavyotazama madaftari, kwa kuwa akichelewa kushuka atakosa usafiri. Si mvivu. Lakini mtoto anachojifunza kwake ni kwamba mtu aliyesoma ni mtu anayeikimbia milima.

Viko vijiji ambavyo wazazi walishafanya sehemu yao: walisomba mawe na mchanga kwa vichwa, wakainua maboma ya nyumba za walimu hadi lenta, wakasubiri bati. Mvua inanyesha ndani. Halmashauri za Mvomero na Morogoro hupanga bajeti kabla ya Julai, na madiwani wa kata za milimani wanayajua maboma hayo moja baada ya jingine. Wayadaie bati safari hii, wakianza na shule ambazo barabara zake hukatika masika, na nyumba ya kwanza kukamilika kila shule apewe mwalimu wa kike. Wasichana wa Nyandira na Matombo wanahitaji kumwona akiishi hapo, jioni na Jumamosi, si kupishana naye akiwahi bodaboda.