Mjomba, hivi heroe wananukia?

Wiki iliyopita tuliachana kwenye michango ya harusi, na meseji zenu bado zinamiminika. Leo ya harusi tuyaweke kando kidogo, maana nina kesi yangu mwenyewe ya kuungama.

Mjini hapa uongo upo wa kila aina. Upo wa kumwambia mwenye nyumba "kesho asubuhi nakuletea", na upo wa kumwambia mchumba "nipo kwenye foleni" kumbe ndio kwanza unatafuta soksi. Wangu ulizidi, maana nilimdanganya mtoto wa miaka kumi.

Ilikuwa Desemba. Dada yangu wa Dar alimleta mwanawe Arusha kula likizo kwangu. Dogo yuko darasa la nne na ana maswali kama mwendesha mashtaka. Siku ya pili tu, tukiwa tunakunywa chai, akanitolea hii:

"Mjomba, mwalimu aliuliza nani amewahi kuona heroe. Darasa zima hakuna aliyenyoosha mkono. Nikamwambia mjomba wangu anakaa Arusha, lazima amewaona. Umewaona, eti?"

Heroe ni wale ndege wa pinki, wenye miguu kama mianzi, ambao mtaani tunawaita flamingo. Mimi nimewaona kwenye kalenda ya duka la mpemba na kwenye kanga ya mama. Lakini uso wa mpwa wangu ulivyonitazama, ningesema nini?

"Ah, wale? Kila mara!"

"Wananukaje?"

"Hawanuki. Wananukia marashi."

Basi bwana, nikajiona nimemaliza. Kumbe nimefungua kesi. "Mjomba, nipeleke!"

Nikapeleka tatizo kijiweni Ngarenaro. Washikaji wakacheka hadi wakakaa chini. Mmoja akasema mambo ya kutazama ndege ni ya wazungu wenye kofia pana. Nikamuuliza amewahi kuingia hifadhi gani. Kimya. Nikamuuliza wa pili, naye kimya. Tulikuwa vidume sita, wote tumekulia chini ya Mlima Meru, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu kabisa na mji. Aliyewahi kuingia ni mmoja tu, tena alikwenda kufunga nyaya za umeme!

Hapo ndipo tukapiga hesabu. Jumamosi moja ya nyama choma, bia na bodaboda ya kurudia nyumbani inakula kiasi gani? Msomaji, kiasi chako unakijua mwenyewe. Sisi tulipojumlisha tukaona aibu. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni, na mtoto analipa pungufu zaidi. Tukachanga, tukakodi Noah ya jamaa, tukakubaliana saa kumi na mbili asubuhi. Aliyechelewa ni mmoja tu, na alikuwa mimi.

Unatoka Arusha kwa barabara ya Moshi, unafika Usa River, unakata kushoto. Hata robo saa hatujamaliza baada ya geti la Ngongongare, tukawa kwenye uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo. Pundamilia, nyati, ngiri wenye mikia juu kama antena. Twiga mmoja akasimama katikati ya njia akitutazama kama trafiki anayetaka leseni. Kijiwe kizima, wanaume wazima, kikawa kinapiga kelele kuliko mtoto.

Tulikuwa tumechukua afande wa kutuongoza. Akatwambia kwa upole, "Vijana, muziki zimeni. Huku mnasikiliza, hamsikilizwi." Redio ikazimwa. Nakwambia, ndani ya dakika tano tukaanza kuona vitu ambavyo vilikuwepo muda wote. Mbega weusi na weupe wanaruka mtini, mikia inapepea kama mashela ya maharusi. Kule msituni kuna sauti ya ndege kama mtu anayefungua mlango usiotiwa mafuta.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaitwa Arusha. Wapenzi wa sinema za zamani, ile Hatari! ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962 ilipigwa sehemu yake huku huku Momella. Yaani Hollywood walifika kabla ya kijiwe chetu. Aibu iliyoje!

Basi tukafika kwenye maziwa ya Momella. Yako saba, madogo madogo, maji yake yana magadi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya vimelea vya kijani vinavyoota majini. Wanyama wengi hawayanywi. Mpwa wangu akaegemea dirisha, roho yangu ikaanza kudunda.

Heroe hawapo.

Tulikuta bata, mnandi, na yangeyange mmoja mweupe aliyesimama peke yake kama mlinzi wa benki. Pinki hakuna. Dogo akanigeukia. Afande akatwambia hawa ndege hawana mkataba na mtu, leo wako hapa na kesho wameamkia ziwa lingine, wanafuata chakula. Kule Nakuru, Kenya, maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2010 na magadi kuzimuliwa, heroe wengi walihama, wengine wakaenda Bogoria. "Twendeni Momella Kubwa," akasema, "ila tukifika mtulie."

Tukafika, tukatulia. Dakika kumi. Ishirini. Kijiwe chetu hakijawahi kukaa kimya dakika ishirini tangu kianzishwe. Mawingu yakaanza kufunguka, Meru ikatoka upande mmoja, na upande wa pili Kilimanjaro ikachungulia na kilemba chake cheupe. Ndipo ule mstari mwembamba wa ng'ambo, ambao sote tulidhani ni povu la magadi, ukanyanyuka.

Msomaji, sina maneno. Mstari ukageuka mbawa, mbawa zikageuka nyekundu na nyeusi, wakazunguka ziwa mara moja wakatua upande wetu. Kwa kuhesabu harakaharaka walikuwa kama mia mbili hivi. Wakainamisha shingo, wakaanza kula kichwa chini mdomo juu, maana midomo yao imeumbwa kama chujio. Wanachuja vile vimelea vya majini, na pinki yao inatoka kwenye chakula hicho hicho. Kinda huzaliwa wa kijivu, rangi anaila.

"Wanazaliwa hapa?" dogo akauliza.

"Hapana," afande akajibu. "Wanakwenda Natron." Akaeleza kwamba katika Afrika Mashariki yote, Ziwa Natron ndilo wanalotegemea kuzalia. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope katikati ya magadi makali ambayo fisi na mbweha hawayavuki. Ziwa moja, yai moja. Likiharibiwa hilo, hawa wa kwenye kalenda ndio watabaki kuwa wa kwenye kalenda kweli.

Kimya kikatanda. Yule mshikaji wa "mambo ya wazungu" ndiye aliyevunja, akaomba darubini ya afande kwa mara ya nne.

Upepo ukageuka ukatuletea harufu ya tope, magadi na kinyesi cha ndege. Mpwa wangu akavuta pumzi, akanitazama.

"Mjomba. Marashi yako wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Mjomba wako alikudanganya. Na mimi leo ndio mara yangu ya kwanza."

Akafikiri kidogo. "Basi tumewaona pamoja," akasema, akarudi kuwatazama. Nilidhani atanidharau. Kumbe alichotaka ni mtu wa kukaa naye pale, wala hakuhitaji mjuzi.

Kwa hiyo, msomaji, kazi kwako. Ukiwa Arusha na mfuko umekauka, anza na Ziwa Duluti pale Tengeru, unazunguka msitu kwa miguu na unamwona mdiria akijitupa majini. Wa Mwanza mna Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, boti dakika chache tu kutoka mjini. Wa Dar mna msitu wa Pugu. Nendeni alfajiri, vaeni nguo zisizopiga kelele, ulizieni namna ya kulipa kabla hamjaondoka, msiwalishe wanyama chipsi, na redio muiache nyumbani. Kama una mtoto kwenye ukoo, mchukue.

Shule zilipofunguliwa, dada akanipigia simu. Mwalimu aliuliza tena, na safari hii mkono mmoja ulinyooshwa. Ila dogo akamalizia mbele ya darasa zima: "Na mjomba wangu ni mwongo, wananuka!"

Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye ya harusi.