Kagua Tangi Kabla ya Samaki

Mnunuzi wa samaki wa mapambo huvutiwa na rangi, ilhali cha kukaguliwa kwanza ni tangi zima. Kimelea kinacholeta vidoa vyeupe, vile vinavyofanana na chembe za chumvi kwenye mapezi, huogelea majini kikitafuta mwili mwingine. Basi samaki mchangamfu anayeishi na mgonjwa huenda keshaambukizwa. Ukiona mzoga tangini, muuzaji atasema aliyekufa ni mmoja tu, tena kwa uchovu wa safari. Yawezekana, maana safari huua samaki kweli, lakini kwa macho tu huwezi kuthibitisha. Mwombe awalishe mbele yako, utazame nani anakula na nani anahema juu ya maji. Ukishanunua samaki, mtenge wiki 4. Tangi lenye mzoga liache, hata kwa bei ya kutupa.