Taa Bila Giza Ni Rangi Tu

Nina neno na ndugu zetu wa chumba cha sanaa, na walimu wakiniwia radhi nitalisema waziwazi. Ati taa ikichorwa ni lazima itiwe nyeupe tele mpaka imulike! Hayo nayasikia kila muhula, nami nayapinga.

Huko Uingereza kuna michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vidogo vya askari, vingi vikiwa na kimo cha sentimita 3 hivi. Mmoja unaitwa Warhammer 40,000. Ulitoka mwaka wa 1987, na kampuni yake, Games Workshop, ina makao mjini Nottingham. Vinyago huuzwa bila rangi, mwenye navyo avipake mwenyewe. Kuna hata mashindano ya upakaji, Golden Demon, ambayo mshindi wa washindi hutuzwa upanga. Upanga, si kikombe! Basi wapo askari wenye bunduki zinazowaka buluu, wengine mienge, na mpakaji hutaka nuru hiyo ionekane imemwangukia askari usoni na kifuani. Hapo ndipo wengi hukwama.

Rangi si taa. Hata ile nyeupe kupindukia hurudisha tu nuru iliyopewa na chumba. Basi jicho litadanganywaje? Kwa giza. Ukimpaka askari kana kwamba yuko juani saa sita mchana, mabega yanameta, kofia inameta, halafu umtie taa mkononi, taa hiyo ni kama tochi iliyowashwa uwanjani wakati wa michezo. Nani ataiona? Amua kwanza ni saa ngapi. Usiku ukishaingia kwenye kinyago, hata doa dogo la manjano hugeuka moto.

Na nuru ina adabu zake. Chanzo ndicho kiwe cheupe kuliko vyote. Shavu haliwezi kuushinda mwenge. Umbali ukiongezeka mara 2, nuru hubaki robo, kwa hivyo kidevu king'ae na goti lififie. Haipindi kona: mgongo ubaki gizani. Tena kitambaa chekundu kikimulikwa kwa buluu hakigeuki buluu, huelekea weusi. Hii ni fizikia ya darasani, jamani, lakini tukishika brashi tunaisahau kabisa.

Kuna wanaonyunyizia rangi kwa bomba la hewa kuizunguka taa yote, ukungu tu, wakasema kazi imekwisha. Mimi ukungu huo siupendi. Haujui pua iko wapi wala mkunjo wa nguo uko wapi.

Mji wa Derby uko jirani na Nottingham, na huko alizaliwa mchoraji Joseph Wright mwaka wa 1734. Katika picha yake ya 1768, ya watu wakitazama jaribio la ndege na pampu ya hewa, mshumaa umefichwa nyuma ya chombo cha kioo mezani. Huuoni, ila unaziona nyuso. Iko London, National Gallery, na yeyote anayepaka vinyago angefaidika kuikodolea macho saa nzima.

Mwenzangu mmoja amenipinga: kinyago hugeuzwageuzwa, taa ya chumba inatoka huku, nuru iliyopakwa inatoka kule, si uongo huo? Ni kweli, na sina jibu kamili. Ndiyo maana nasema mbinu hii itumiwe kwa uchache, mwenge mmoja kwa kinyago kimoja, si jeshi zima linalowaka kama Krismasi. Mwingine akadai ni mchezo wa matajiri. Vinyago vyenyewe ni ghali, sikatai. Lakini udongo wa mfinyanzi unauzwa wapi? Mimi na wenzangu wawili huwafinyanga askari wetu, na rangi 4 zinatosha.

Hebu mtazame mama akisonga ugali kwa koroboi iliyowekwa chini. Kidevu kinang'aa, paji la uso limo gizani. Kisha tazameni picha zetu za usiku ukutani: ni mchana uliotiwa nyota! Kwa hivyo naiomba idara ya sanaa, kwa heshima zote, ituruhusu Ijumaa moja baada ya masomo ya jioni tufunge mapazia, tuzime taa zote, tuwashe tochi moja kando ya kinyago cha udongo, na tuchore vivuli peke yake.