KAMYONETI YA ESANSI: KABLA YA KUULIZA NGUVU, ULIZA FRENI



Katika kambi zetu mazungumzo ni mengi juu ya kununua kamyoneti ya zamani, ile ya kutumia esansi, na kufunga remorki nyuma yake. Sababu zake ni nzuri. Jamaa nyingi zina shamba kwenye barabara ya Buta, ya Ituri au ya Lubutu, na mchele, muhogo, makala na mafuta ya mawese havifiki Kisangani kwa miguu. Mzee anayekaribia pansheni anafikiri kazi ya kubeba mizigo itamlisha. Wengine wanataka kukokota nyumba ndogo ya magurudumu, mfano wa zile wanazolalamo watafuta madini, wapate pahali pa kulala njiani.

Ukurasa huu haukuandikwa ili kukataza. Mfanyakazi aliyeweka franga zake miaka mingi ana haki ya kununua gari. Lakini sisi wa dispanseri tuna neno la kusema, kwa sababu gari likishindwa kusimama, watu huletwa kwetu.

Angalieni jambo hili. Ndani ya mgodi hakuna shofere anayeruhusiwa kutoa kamyo bila kujaribu freni. Hakuna mtu anayepanda juu ya mzigo. Amri hizi tunazijua kwa moyo. Lakini mtu yule yule akipita baryeri jioni, anaweza kununua gari kwa sababu moteri yake inalia vizuri, akaweka mapipa nyuma, na juu ya mapipa akaweka mke na watoto. Maoni yangu ni haya: amri ya mgodi ivuke baryeri pamoja nasi. Gari la kukokota lichaguliwe kwanza kwa freni zake, halafu kwa moteri.

HESABU YA UZITO

Tufanye hesabu ndogo. Pipa la lita 200 likijaa mafuta ya mawese lina uzito wa karibu kilo 200, pamoja na chuma chake. Mapipa manne ni kilo 800. Remorki yenyewe ikiwa na kilo 250, jumla ni kilo 1,050. Kamyoneti ndogo bila mzigo ina kilo 1,300 hivi. Maana yake, freni zilizotengenezwa kwa ajili ya gari moja sasa zinasimamisha karibu magari mawili, tena lile la pili linasukuma kutoka nyuma.

Ongeza mwendo, na hesabu inakuwa mbaya zaidi. Gari la kilometri 80 kwa saa halihitaji kazi ya freni mara mbili kuliko lile la kilometri 40. Linahitaji mara nne. Kwa sababu hii, katika nchi za Ulaya remorki inayopita kilo 750 pamoja na mzigo wake inalazimishwa kuwa na freni zake yenyewe. Kwetu remorki nyingi huungwa kwa vyuma vya zamani na ekseli ya gari lililokufa, bila freni yoyote. Kama remorki yako ni ya namna hiyo, usipitishe kilo 750. Na kama gari lenyewe ni dogo au limechoka, bakia chini zaidi.

ESANSI AU MAZUTU?

Watu wanaosifu gari la zamani la esansi hawasemi uongo. Linawaka upesi. Lenye karburateri linatengenezwa na fundi yeyote wa mtaani bila mashine ya kompyuta. Toyota Hilux na Land Cruiser za zamani zimeonyesha kazi yao katika matope yetu. Na mara nyingi bei yake iko chini kuliko ya gari la mazutu.

Lakini ujue unanunua nini. Moteri ya mazutu inavuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Ya esansi mara nyingi inataka kuzungushwa mbio ndipo ivute, na ikivuta mzigo inakunywa sana na inapata joto. Kwa hiyo uliza habari ya radiateri, pampu ya maji na ventilateri kabla ya kuuliza rangi. Na radiateri ikichemka njiani, usifungue kifuniko chake. Ngoja ipoe. Aliyechomwa na maji ya moto amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu aletwe kwa mganga. Asipakwe mafuta ya mawese wala dawa ya meno.

Kuna jambo la plombo, maana yake madini ya risasi, yaliyokuwa yakitiwa ndani ya esansi. Katika nchi za Afrika kusini ya Sahara uuzaji wake kwa magari ulikomeshwa mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Hiyo ni baraka kwa watoto, kwa maana plombo inaharibu akili ya mtoto anayekua. Lakini moteri nyingine za zamani sana zilitengenezwa zikitegemea plombo kulinda viti vya valvu. Zikivuta mzigo mzito kwa esansi ya leo, viti hivyo vinakwisha upesi. Muulize fundi kama kichwa cha moteri kilikwisha kurekebishwa.

SIKU YA KUANGALIA GARI

Nenda mchana, bila haraka, pamoja na fundi wako mwenyewe. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiwashe moteri kabla hamjafika, kwa sababu moteri baridi haifichi ugonjwa. Moshi wa buluu maana yake inaunguza mafuta ya moteri. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya moteri kupata joto ni dalili kwamba maji yanaingia ndani.

Halafu kanyaga pedali ya freni kwa nguvu na uhesabu mpaka 60. Ikishuka polepole chini ya mguu, kuna mahali panapovuja. Angalia pia njia za mafuta ya freni. Magari mengi ya kabla ya mwaka 1970 yana njia moja tu: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana freni. Gari la namna hiyo usilifungie remorki.

Lala chini uone shasi, zaidi sehemu ya nyuma. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinajibu kama mti uliooza. Ndoano ya kukokotea ifungwe kwa bulo kwenye shasi yenyewe, isiunganishwe kwenye bampa. Iwe na minyororo miwili inayopishana chini yake, ili ndoano ikikatika, remorki isiende kutafuta watu wanaotembea kando ya barabara.

Mapine yana tarehe. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho, baada ya herufi DOT. Ukiona 2314, pine hilo lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2014. Pine linaweza kuwa na meno mazuri na bado limezeeka, na jua letu linalipasua. Angalia hata mapine ya remorki, ambayo watu huyasahau.

Mwisho, jaribu gari likiwa na mzigo. Lililojaribiwa bila kitu halijajaribiwa.

Na usimalize franga zote kwenye bei. Weka sehemu pembeni kwa ajili ya freni, mapine na ndoano, tangu siku ya kwanza. Kama hesabu hairuhusu sehemu hiyo, basi gari hilo limekushinda bei, hata likionekana rahisi.

SUMU TATU ZISIZOPIGA KELELE

Ya kwanza ni vumbi la freni. Freni za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta kansa baada ya miaka 20, 30 au 40. Fundi anayepuliza ngoma ya freni kwa kompresa au kwa mdomo anajipulizia ugonjwa, yeye na mtoto anayemshikia taa. Vumbi lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Watoto wakae mbali.

Ya pili ni moshi wa egzosi. Bomba lililotoboka chini ya gari linaingiza ndani gazi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Mtu anaumwa kichwa, anazunguka, anatapika, anasinzia. Anasema ni malaria. Kama watu wote waliomo garini wanaumwa kichwa pamoja, simamisheni moteri, tokeni kwenye hewa safi, na mwende kwa mganga. Kwa wale wenye nyumba ya magurudumu: msilale ndani moteri ikiwaka karibu, wala msiingize mbabula wenye makala ya moto kwa kutafuta joto. Usingizi wa namna hiyo hauna asubuhi.

Ya tatu ni esansi yenyewe. Inashika moto upesi sana kuliko mazutu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani. Tunanunua kwa Kadhafi wa kando ya barabara, kwa chupa na bidoni, kwa hiyo inaingia nyumbani. Isiwekwe kamwe katika chupa ya limonadi, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi. Wala usiivute kwa mpira na mdomo wako. Tone likiteremka mapafuni linaleta homa mbaya ya mapafu. Aliyemeza esansi asitapishwe na asinyweshwe maziwa wala mafuta. Apelekwe dispanseri mara moja, hata kama anasema hasikii kitu.

NJIANI

Mzigo mzito uwekwe juu ya ekseli ya remorki na mbele yake kidogo. Ukiweka uzito wote nyuma, remorki inainua ndoano na kuanza kucheza kama mkia wa samaki. Ikianza kucheza, ondoa mguu kwenye esansi, shika usukani sawa, na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage freni kwa ghafula, wala usiongeze mwendo.

Kabla ya daraja la miti, shuka na uhesabu uzito wa gari na wa remorki pamoja. Penye bake, abiria washuke kabla gari halijapanda. Na ukitoka katika maji, kanyaga freni kidogo kidogo ukienda polepole mpaka zikauke, kwani ngoma yenye maji haishiki.

Na sasa neno zito kuliko yote: mtu asipande juu ya remorki. Wala mama anayerudi shambani, wala msaidizi wa kushika mapipa, wala mtoto kwa mchezo. Remorki haina kiti, haina mkanda, na shofere haoni kinachotendeka humo. Pipa la kilo 200 likianguka juu ya mguu wa mtu, kazi yetu ya dispanseri inakuwa ngumu, na siku nyingine haiwezekani. Wamama, hapa ninyi mna nguvu kuliko mganga. Mama akikataa kupanda na watoto wake, baba atatafuta njia nyingine.

OMBI MOJA KWA WAKUBWA

Kampuni ina garaji yenye shimo la kuangalilia chini ya magari, ina mizani ya kupimia kamyo, na ina mafundi wanaojua freni. Naomba wakubwa wa kazi na wajumbe wa wafanyakazi waongee juu ya siku moja kila mwezi, mfanyakazi alete kamyoneti yake na remorki, vipimwe na viangaliwe bure. Watu watasema ni kazi ya nje, haihusu kampuni. Nawajibu kwamba shofere aliyevunjika mguu siku ya Mungu haji kazini siku ya kwanza, na kitanda chake, dawa zake na chakula cha watoto wake vinakuwa mzigo wetu sote. Saa chache za fundi ni bei ndogo.

Mpaka siku hiyo ifike, kila mmoja awe mkaguzi wa gari lake. Kinga ni bora kuliko dawa. Nunueni, mfanye kazi, mlishe jamaa. Lakini muuzaji akikuambia, «Sikia moteri hii!», mjibu kwa upole: «Nimeisikia, ndugu yangu. Sasa nionyeshe jinsi inavyosimama.»