Nilisoma Kama Redio, Nikaelewa Kama Gogo

Huku Songea baridi la Matogoro linatuchapa kama kawaida yake. Leo sina stori ya mapenzi. Nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Mama yangu ana presha. Siku moja alirudi na boksi la dawa, akachomoa kile kikaratasi kilichokunjwa mara kumi humo ndani, akaniita mbele ya majirani wawili waliokuja kuazima ungo. "Mwanangu, msomi wa nyumba hii ni wewe. Hebu tusomee."

Nikakohoa kidogo, nikashusha kimombo. Mstari kwa mstari, ulimi unateleza kama mtangazaji wa redio. Majirani wakatazamana. Mmoja akasema, "Kweli ada haikwenda bure." Mama akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana.

Kisha akauliza swali dogo tu: "Haya, inasemaje?"

Msomaji wangu, nilitoa macho! Maneno yote nilikuwa nimeyatamka, lakini kichwani halikubaki hata moja. Aibu ikanipanda, nikaona heri uongo. "Inasema umeze kimoja kila asubuhi, mambo yatakuwa poa." Hiyo ya asubuhi yenyewe niliiona imeandikwa kwa peni juu ya boksi.

Baada ya wiki mbili mama alijisikia nafuu, akaacha vidonge. Eti kapona, hela ya dawa bora anunulie mbolea. Siku ya tano akaanguka jikoni. Tulipofika hospitali, nesi alikifungua kile kikaratasi, akaweka kidole katikati: usiache dawa hii ghafla bila kuonana na daktari, hata kama unajisikia vizuri. Mstari huo niliusoma mimi, kwa sauti, tena mbele ya mashahidi!

Mama alipona, namshukuru Mungu. Ila mimi usingizi ulinikimbia. Mtu kamaliza kidato cha nne, anasomaje kitu asikielewe? Mshikaji wangu mmoja anayesomea ualimu akaniazima makaratasi ya wataalamu wa elimu, wakiwemo wanasaikolojia, wale wanaochunguza kichwa cha mwanafunzi kinavyofanya kazi. Safari hii nilikaa na kamusi pembeni.

Kumbe siko peke yangu. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Waliona kwamba katika kila wanafunzi 10 wa kidato cha nne, kama mmoja tu ndiye alikuwa amefikia kiwango cha kuweza kuanza kufundishwa masomo kwa lugha hiyo. Kuanza, jamani, siyo kumaliza! Sasa wale tisa walikuwa wanafanya nini darasani miaka yote minne? Mimi nawajibia: walikuwa wanakremu. Ni zamani hiyo, sawa, lakini hadi leo mtoto anatoka shule ya msingi ya Kiswahili anaingia sekondari kukutana na ung'eng'e karibu kila somo. Mimi maana ya osmosisi niliighani kama sala. Ungenibadilishia swali kidogo tu, nimechemsha.

Lakini tusiitwike lugha mzigo wote. Nina mdogo wangu yuko kidato cha pili. Mpe habari ya ufahamu kuhusu historia ya Ulaya, hata iwe kwa Kiswahili, utamwonea huruma. Mpe ukurasa wa michezo sasa! Atakueleza nani aliotea, refa kaboronga wapi, na kocha angemwingiza nani. Mtoto ni yuleyule, macho ni yaleyale.

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, walilipima jambo hilohilo. Walichukua wanafunzi 64. Nusu walikuwa wasomaji wazuri, nusu wanasuasua. Katika kila kundi, nusu walikuwa wanaujua vizuri mchezo wa besiboli, ule wa kupiga mpira kwa gongo, na nusu hawaujui. Wote wakapewa habari ya mechi waisome, kisha waieleze. Unajua nini kilitokea? Wale wanaosuasua lakini wanaujua mchezo waliwapita wasomaji wazuri wasioujua. Kwa hiyo maandishi ni unga tu. Unachokijua tayari ndiyo maji. Bila maji utakoroga mpaka kesho, ugali huuoni.

Kuna na hili la kurudia-rudia. Sisi tukikaribia pepa tulikuwa tunasoma daftari mara tano, mara sita, mpaka kurasa zinachanika. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine wakairudia kuisoma. Wengine wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja meza ikapinduka: waliofunika walikumbuka asilimia 56, waliorudia asilimia 42. Sasa mitihani yetu huwa inafanyika dakika tano baada ya kusoma?

Na hamu je? Hapa sina haja ya kwenda Marekani, nakwenda Mbinga tu, majirani zetu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10, Mbinga ikiwemo. Baadhi ya shule zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, za vitabu na mahitaji mengine. Kwingine walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu kila jaribio, la kusoma au la hesabu. Kwingine walipata yote mawili. Shule zilizopewa fedha za mahitaji peke yake, alama za watoto hazikupanda. Zilizopata yote mawili ndizo zilizopanda wazi. Jembe ukutani halilimi, na mwenye hamu bila jembe atachimba kwa kucha.

Sisi nyumbani hela ya motisha hatuna. Tunaye mama. Tangu atoke hospitali ameweka sheria: ukisoma kitu ndani ya nyumba hii, iwe gazeti, daftari au risiti ya umeme, lazima ukifunike na umweleze kwa maneno yako. Mama hakufika hata darasa la nne, lakini lile swali lake la "inasemaje?" linamtoa jasho mdogo wangu kuliko mwalimu yeyote. Mwanzoni dogo alikuwa anamkwepa kama anadaiwa. Siku hizi anamfuata mwenyewe jikoni na daftari lake la bayolojia. Juzi alimweleza mama moyo unavyosukuma damu, mama akauliza, "Sasa presha yangu iko wapi hapo?" Dogo hakuwa na jibu. Usiku ule alisoma mpaka akalipata.

Mwezi uliopita daktari alimbadilishia mama dawa. Boksi jipya, kikaratasi kipya. Jirani yule wa ungo alikuwepo, akajiweka sawa kusikiliza redio. Hakuisikia. Nilisoma kimyakimya, kalamu mkononi, kamusi mapajani, karibu saa nzima kwa nusu ukurasa. Palipokuwa na mistari miwili niliyoshindwa, nikaipigia alama.

Mama akauliza, "Inasemaje?"

Nikamweleza niliyoyaelewa. Halafu nikasema, "Hii miwili siijui, mama. Kesho twende wote tukamuulize nesi."

Jirani akaguna, akachukua ungo wake. Mama alicheka, akanimiminia chai.

Tukutane wiki ijayo.